KUHESABIWA NA KUIJUA HESABU: MENO YETU NA MIFUGO YETU

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wajumbe wa haki na amani, Dutwa



Ndugu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, akina baba na akina mama, nimeombwa kuzungumza nanyi juu ya mambo mawili ambayo kwa kuyasikia mara ya kwanza hayaonekani kuwa na undugu: jino la binadamu na ugonjwa wa ng'ombe. Tena nimeombwa nizungumze si kama mganga, bali kwa upande wa haki. Naona walioniomba hawakukosea. Mambo haya mawili yanakutana mahali pamoja, nako ni katika daftari la mtu anayekuja kutuhesabu.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tunautumia dukani na katika vyama vya ushirika vya pamba. Ni nadra kuutumia kwa afya, ingawa afya ndiyo mali ya kwanza ya mkulima.

Mmewaona wanaokuja. Zamani walikuja na makaratasi, siku hizi huja na kishikwambi. Mmoja huuliza kaya ina watu wangapi, nani aliugua mwezi uliopita na alitibiwa wapi. Mwingine hutaka kuingia zizini, akamkamata ng'ombe, akatoa damu shingoni na kuitia katika kichupa. Tunawapa kigoda, tunawapa maji ya kunywa, tunajibu, nao wanaondoka. Sasa nawauliza: ni wangapi kati yetu waliowahi kurudishiwa majibu? Damu ya ng'ombe wako ilisema nini? Simlaumu kijana aliyetumwa, maana naye hupewa orodha ya maswali na siku za kuyamaliza. Lakini anayetoa damu na maneno yake ametoa kitu chenye thamani, na aliyepokea ana deni.

Kwanza tuelewe namna hesabu hizi zinavyofanywa, maana mtu asiyeelewa hujikuta akisifu au kulalamika pasipo sababu. Uchunguzi wa mkoa hauulizi kila kaya. Huchagua maeneo machache kwa bahati nasibu, na katika kila eneo kaya chache, kisha hukadiria hali ya mkoa mzima. Njia hiyo ni halali na ni ya kisayansi. Ila jibu lake ni la mkoa. Si la Dutwa. Mathalani, mzee mmoja ana ng'ombe 100 na jirani yake hana hata ndama. Wastani wao ni ng'ombe 50 kwa kila mmoja, na yule jirani bado watoto wake hawana maziwa. Kwa hiyo mkisikia kwamba mkoa una kiasi fulani cha huduma, msifikiri kwamba mmeambiwa habari zenu.

Mkoa wetu wa Simiyu nao ni mchanga. Ulianzishwa mwaka 2012, sehemu kubwa ikitoka Shinyanga, na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Sensa ya mwaka ule ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,140,497. Katika miaka kumi wameongezeka zaidi ya watu nusu milioni, na kila mmoja wao huota meno.

Basi tuanze na meno. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 duniani wana maradhi ya kinywa. Lilieleza pia kwamba kati ya mwaka 2014 na 2019 Kanda ya Afrika ilikuwa na madaktari wa meno 3.3 tu kwa kila watu 100,000, yaani kama sehemu moja ya kumi ya wastani wa dunia. Nimefanya hesabu ndogo, nanyi mnaweza kuirudia nyumbani. Kama Simiyu ingekuwa na huo wastani wa Afrika, ambao wenyewe ni wa umaskini, ingepasa kuwa na madaktari wa meno wapatao 70. Kwa wastani wa dunia wangekuwa kama 700. Kila mmoja wetu ajaribu kukumbuka ni wangapi amewahi kuonana nao maishani mwake.

Hapa pana jambo la kuangalia. Mwenye kuhesabu anapoandika "daktari wa meno", anamhesabu nani? Nchini mwetu yupo daktari wa meno mwenye shahada, ambaye mafunzo yake yalianza kutolewa Muhimbili mwaka 1979. Yupo pia tabibu wa meno, aliyesoma chuo cha ngazi ya stashahada, na huyu ndiye aliyebeba kazi kubwa ya vijijini kwa miaka mingi. Uchunguzi mmoja ukimhesabu tabibu na mwingine usimhesabu, mkoa ule ule utaonekana tajiri leo na maskini kesho, hali hakuna kilichobadilika. Tena mtu kuwapo si sawa na huduma kuwapo. Mtaalamu anaweza kuwa kwenye orodha ya mishahara, lakini ganzi imekwisha, kiti kimevunjika, umeme umekatika, au yeye mwenyewe ameitwa semina. Swali la haki lingekuwa hili: katika mwaka uliopita, ni siku ngapi mtu wa Dutwa mwenye jino linalouma angefika akatibiwa siku hiyo hiyo, na nauli yake ilikuwa kiasi gani? Sijaona fomu yenye swali hilo.

Kwa sababu ya uchache huo, tiba ya jino kwetu imekuwa ni kung'oa. Mtu husubiri mpaka usingizi umtoke, kisha huuza kuku au debe la mahindi, akapanda gari kwenda mjini na kurudi na pengo. Jino lililotoboka kidogo lingeweza kuzibwa. Wala tusiambiwe kuwa kuziba kunahitaji mitambo ya fahari. Katikati ya miaka ya 1980 ilianza hapa hapa Tanzania njia ya kuziba jino kwa zana za mkono, bila mashine ya umeme: mtaalamu hukwangua sehemu iliyooza kwa kijiko kidogo, kisha huziba kwa dawa inayoshikamana na jino. Njia hiyo imesambaa duniani na Shirika la Afya Duniani limeipigia debe. Yaani ilizaliwa katika nchi yetu, ikapanda ndege kwenda nchi za wengine, na wakulima wetu wengi hawajaisikia.

Wapo wanaosema jino haliui. Wamekosea. Usaha wa jino la taya la chini ukishuka chini ya ulimi na shingoni, uvimbe huweza kubana njia ya hewa, na mtu hufa kwa siku chache. Akina mama, mkiona mtu ana uvimbe chini ya kidevu, hawezi kumeza mate wala kufungua kinywa, na ana homa, huyo asingoje mnada wala gari la asubuhi. Apelekwe hospitali usiku huo huo.

Sasa nitasema jambo linalonisumbua kuliko yote, na naomba mnivumilie. Ni hayo yanayoitwa meno ya plastiki, na wengine huyaita ya nailoni. Mtoto mchanga anaharisha na kuchemka mwili, bibi anaangalia ufizi, anaona uvimbe mweupe mahali pa chonge, na mtoto anapelekwa kwa mtu mwenye kisu au spoku ya baiskeli. Uvimbe ule ni jino halisi la utotoni ambalo bado liko ndani ya ufizi. Kila mtoto mzima analo. Habari hizi si uvumi. Watafiti wa Kitanzania, Kikwilu na Hiza, walichapisha uchunguzi wao juu ya uchimbaji huo mwaka 1997, na wenzao wa nchi jirani wameandika mambo yale yale. Mtoto huvuja damu, huingiwa na wadudu wa magonjwa, na mara nyingine jino la ukubwani lililojificha chini huharibiwa pia. Na kile kilichokuwa kikimuua, yaani kuharisha, kinaendelea kumkausha maji wakati watu wazima wanashughulika na ufizi. Mtoto huyo anahitaji kunyonya, maji yenye chumvi na sukari au pakiti za dawa ya kuharisha kutoka zahanati, pamoja na vidonge vya zinki. Si kisu.

Lakini tusimtupie lawama bibi peke yake. Mahali ambapo hakuna mtu wa kumwonyesha mama kwamba huo ni ufizi wa kawaida, mwenye kisu ndiye atakayesadikiwa. Penye upungufu wa daktari wa meno hapabaki patupu. Panajazwa na mtu mwingine.

Yako pia maji. Iliyokuwa Shinyanga, ambako Simiyu imetoka, imo katika mikoa ambayo maji ya ardhini yana madini ya floraidi kwa wingi. Floraidi kidogo huimarisha jino. Ikizidi, wakati jino la mtoto linaumbwa ndani ya taya, jino huota likiwa na madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja ya maji. Nchi yetu mwaka 1974 iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu visima vingi vingefungwa kama kikomo kingekuwa cha chini. Ninaielewa shida ya waliofanya uamuzi ule, maana mwenye kiu hawezi kungoja maabara. Hata hivyo ni vema tujue kwamba kiwango kilipimwa kwa umaskini wa visima, hakikupimwa kwa jino la mtoto. Kiwango hicho kimekwisha kushushwa, lakini waliolelewa nacho bado tunao, na wengi wao huambiwa kwamba ni wachafu, hawakupiga mswaki! Msichana wa aina hiyo hufunika kinywa akicheka. Hakuna mswaki unaotoa doa lile. Mwenye kustahili kuulizwa ni aliyechimba kisima pasipo kupima, na swali la kumwuliza ni fupi: cheti cha maji kiko wapi?

Ng'ombe nao hunywa maji hayo hayo, na meno yao huharibika vile vile. Kuna jambo la ajabu katika habari hii. Katika kituo cha Ngurdoto, karibu na Arusha, wataalamu wetu walikuza njia ya kuondoa floraidi kwa kuchuja maji katika mkaa wa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Sisi tuna mifupa tele.

Hapo nimefika zizini.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali mbili za Moshi. Madaktari walikuwa wameandika kwamba 528 kati yao wana malaria. Walipopimwa kwa makini, wenye malaria walikuwa 14. Kati ya wagonjwa hao, 118 walikutwa na maradhi ya bakteria yanayotoka kwa wanyama: ugonjwa wa kutupa mimba ambao wataalamu huuita brusela, leptospira, homa iitwayo Q, na homa za kupe. Maradhi hayo yalikuwa yakipita chini ya pua za watu bila kutambuliwa. Nawasihi msizichukue namba za Moshi na kuzifanya za Dutwa. Kanda ya Ziwa ina malaria nyingi kuliko Kilimanjaro, na nimekwisha kusema kwamba namba ya mahali pengine si yako. Jambo la kuchukua ni swali: mtu wetu akipimwa, akaambiwa hana malaria, na homa inaendelea, ni nani anayemwuliza kama ng'ombe wake ametupa mimba?

Ugonjwa huu wa kutupa mimba huingia kwa maziwa mabichi, na kwa mikono ya mtu anayemsaidia ng'ombe kuzaa au anayeondoa kondo na ndama mfu. Mtu hupata homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, maumivu ya mgongo na viungo, na wanaume wengine huvimba korodani. Dawa ipo, lakini ni ya aina mbili pamoja, kwa muda wa wiki sita hivi. Anayepewa vidonge vya siku tano atarudi. Maziwa yakichemshwa vimelea hufa. Kugandisha peke yake si kinga ya kutegemea. Najua kwamba kwa Msukuma kumwambia achemshe maziwa ni kama kumwambia abadili kabila, lakini imenipasa kusema.

Yako mengine ambayo nitayapita haraka. Kimeta mnakijua: mnyama aliyekufa ghafla na kutoka damu isiyoganda haliwi, hapasuliwi, huzikwa kwa kina au kuchomwa. Homa ya Bonde la Ufa iliingia nchini mapema mwaka 2007, baada ya mvua kubwa, na watu zaidi ya 100 walifariki. Mwaka 2022 homa ya mgunda, ambayo ndiyo leptospira, ilizuka Lindi na kuua watu watatu.

Kwa nini basi hatutoi taarifa? Tuseme ukweli. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya mwaka 2003 inamtaka mfugaji atoe taarifa. Lakini mfugaji anajua kwamba taarifa ikifika, karantini inafuata, mnada unafungwa, na ada ya shule inakosekana. Mwenye ng'ombe 300 atangoja. Mwenye wanne atauza kwa siri usiku kwa mchinjaji, na nyama italiwa. Hivyo namba ya ugonjwa inayofika mkoani ni namba ya waliokuwa waaminifu. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo. Lakini sheria inayomtwika mwaminifu hasara yote peke yake huzaa waficha maradhi. Hili ni la kuzungumza na diwani na mbunge, bila hasira na bila woga. Tukumbuke pia kwamba tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990 huduma nyingi za mifugo ziliachiwa watu binafsi, majosho mengi yakabaki makavu, na daktari binafsi wa mifugo hakuja kuishi mahali ambapo mteja hulipa baada ya kuuza pamba.

Hata hivyo hesabu ikifanywa pamoja na wafugaji, huleta matunda. Mababu zetu walipigwa na sotoka katika miaka ya 1890, ng'ombe wakafa karibu wote katika Afrika ya Mashariki. Ugonjwa huo ulionekana tena kaskazini mwa nchi yetu mwaka 1997. Mwaka 2011 ulitangazwa kuwa umetokomezwa duniani kote. Chanjo isiyoharibika upesi kwa joto ilisaidia sana. Lakini mabaki ya mwisho ya ugonjwa yalitafutwa kwa kuketi na wafugaji, kuwauliza majina wanayoyatumia, dalili walizoziona na njia walizopitisha mifugo. Wataalamu waligundua kwamba mchungaji asiyejua kusoma alikuwa na kumbukumbu iliyopita ya ofisi.

Nawaambia haya ili tusiogope kuandika. Wengine wataogopa, na hofu yao ina asili. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa, ikawa ni kosa kutangaza namba zinazopinga takwimu rasmi, na adhabu yake ilikuwa pamoja na kifungo kisichopungua miaka mitatu. Palikuwa na malalamiko ndani na nje ya nchi, na mwaka 2019 adhabu hizo ziliondolewa. Sisi hatutangazi asilimia za mkoa. Tunaandika tulichokiona katika jumuiya yetu, na kukipeleka panapohusika.

Ninapendekeza kila jumuiya iwe na daftari moja, la kawaida, la dukani. Upande mmoja: tarehe, aliyekwenda kutibiwa jino ni mtu mzima au mtoto, alitumia nauli kiasi gani, alitibiwa au alirudishwa, na kwa sababu gani. Upande wa pili: tarehe, aina ya mnyama, alitupa mimba au alikufa, kama afisa mifugo wa kata aliarifiwa, na alikuja siku gani. Majina ya wagonjwa yasiandikwe. Ugonjwa wa mtu ni siri yake, na daftari likianza kusomwa vilabuni litakuwa limekufa.

Udongo wa Dutwa wenyewe umekwisha kupimwa barabara. Watafutaji wa nikeli walichoronga vilima vyetu, wakaandika kina cha kila shimo na kiasi cha madini, na wenye hisa wakasomewa huko London. Sijui kwa nini kinywa cha mtoto wa hapa kiwe kigumu kupima kuliko mwamba.

Na huyo kijana wa kishikwambi akija tena, apewe kigoda kama kawaida. Kabla ya kujibu, mwenyekiti wa kitongoji amwulize mambo matatu, kwa upole: uchunguzi huu ni wa nani, majibu yatarudi kijijini kwa njia gani na lini, na mtu au mnyama atakayekutwa na ugonjwa atasaidiwaje. Majibu yaandikwe na kuwekwa sahihi.

Kuhusu cheti cha maji ya visima, naona tusingoje daftari lijae. Barua iandikwe juma hili kwa ofisi ya kijiji, ikitaja kila kisima kwa jina lake, na kuomba mambo mawili tu: tarehe kilipopimwa na kiasi cha floraidi kilichopatikana. Nakala moja iende kwa mtendaji wa kata, nyingine ibaki kwa katibu wetu, ikiwa na muhuri wa mapokezi.